Makumbusho ya Kigali Hayataki Haraka Yako

Kosa la kwanza hufanyika hotelini, mgeni akiwa bado na taulo shingoni. Anashika simu, anatafuta makumbusho yaliyo karibu, kisha anapanga siku yake: Gisozi saa tatu asubuhi, Nyumba ya Kandt saa tano, Kanombe saa nane, jioni kwa wachoraji wa Kacyiru, usiku mishikaki Nyamirambo. Kesho yake yuko uwanja wa ndege na picha mia nne, na ukimuuliza amejifunza nini anakwambia mji ni msafi.

Mji ni msafi, kweli. Lakini hilo angeliona hata akiwa amepakiwa kwenye pikipiki.

Mwongozo huu umeandikwa kumzuia mgeni huyo, kwa upendo na kwa mkono imara. Nazipenda nyumba hizi za kumbukumbu, na huniuma kuona zinapitwa kama vituo vya basi. Sharti langu ni moja, na mengine yote yanatoka humo: mbele ya kila kitu utakachoonyeshwa, uliza ni nani. Nani alikibeba, nani alikisuka, nani alikamua, nani alizikwa. Ukipewa jina, liandike. Ukiambiwa jina halijulikani, andika hilo pia.

Tuanze na mfuko wako. Beba kitambulisho au pasipoti, kwa sababu makumbusho ya taifa yana bei tofauti kwa Mnyarwanda, kwa mwananchi wa Afrika Mashariki na kwa mgeni wa mbali, na uraia wako hauandikwi usoni. Acha rambo nyumbani. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Rwanda tangu 2008. Ukipanda moto, ambayo ndiyo bodaboda ya huku, vaa helmeti utakayopewa na usibishane na motari kuhusu nywele zako.

Tazama na kalenda. Jumamosi ya mwisho wa mwezi asubuhi ni umuganda: watu wako barabarani na majembe na mafagio, wanazibua mitaro, na usafiri unasimama hadi karibu na saa tano. Usiende kugonga mlango wa makumbusho saa hizo. Shika jembe, salimiana na majirani wa hoteli yako, utapata somo la historia ambalo halikatiwi tiketi. Na ukifika wiki inayoanza tarehe 7 Aprili, jua umeingia katika nchi iliyo katika maombolezo ya Kwibuka. Muziki unazimwa, sherehe zinasimama. Kama ulikuja kutembea tu, badilisha tarehe. Kama ulikuja kuomboleza nao, karibu.

Sasa mwongozaji. Wapo wageni wanaomkwepa mwongozaji kama anayekwepa mdai wake, eti watajisomea wenyewe. Maelezo ya ukutani utayakuta kwa Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza. Kiswahili, ambacho bunge la Rwanda lilikipitisha kuwa lugha rasmi mwaka 2017, bado hakijapewa nafasi yake kwenye kuta hizo, na mimi naona ni deni linalopaswa kulipwa. Lakini kwenye midomo ya watu kipo. Kwa hiyo usione haya pale mapokezi:

"Mwaramutse, dada. Kuna anayeweza kututembeza kwa Kiswahili?"

"Yupo kaka mmoja. Ila Kiswahili chake ni cha Kongo."

"Hicho hicho, dada. Tutaelewana."

Mtaelewana kweli, na utaambiwa mambo ambayo hayakuandikwa ukutani, kwa sababu mtu akisimulia kwa lugha aliyoipata sokoni au kwa bibi yake husimulia tofauti na aliyekariri.

Anza Nyarugenge, kwenye nyumba ya Kandt. Richard Kandt alikuwa daktari wa Kijerumani, mzaliwa wa Posen mwaka 1867, aliyekuja huku kutafuta chanzo cha Nile. Mwaka 1898 aliufuata mto Rukarara ndani ya msitu wa Nyungwe, akasema chanzo ndicho hicho, na mwaka 1904 akatoa kitabu cha safari hiyo, Caput Nili. Mwaka 1907 akawa mwakilishi mkuu wa kwanza wa serikali ya Ujerumani Rwanda, akakichagua kilima hiki kuwa kituo chake. Ndiyo sababu Kigali huhesabiwa kuanzia 1907. Alifariki Nuremberg mwaka 1918, vita vikiwa vimeshamnyang'anya mji wake. Wabelgiji waliingia Rwanda 1916.

Nyumba hii kwa miaka ilionyesha wanyama na mawe, na tangu Desemba 2017 inaitwa Makumbusho ya Nyumba ya Kandt. Ndani inaeleza Rwanda kabla ya ukoloni, zama za Wajerumani, na jinsi mji ulivyokua. Nje wanafugwa nyoka, na mamba. Hapo ndipo wageni wanapopotea. Baba mzima, na tai shingoni, anavuka karne nzima ya historia kwa dakika nne ili awahi kumtazama nyoka aliyelala. Nyoka hana pa kwenda, mzee. Rudi ndani.

Rudi ndani utazame picha za zama hizo. Katika picha za wakoloni Mzungu hukaa katikati, na jina lake huandikwa chini. Pembeni wamesimama wapagazi, askari, wapishi na wakalimani, na chini yao hapakuandikwa kitu. Hapo uliza swali lako la nani. Kandt hakubeba hema lake, wala sanduku la dawa, wala daftari za kitabu chake. Njia ya misafara kutoka pwani ilipita Tabora, na waliotwishwa mizigo walitoka huko na kwingineko Tanganyika. Kiswahili kiliingia Kigali kwenye mabega yao. Sina ugomvi na jina la daktari mlangoni. Kilima alikichagua yeye. Ila mtu wa Tabora, wa Ujiji au wa Bagamoyo anayeingia humu asitembee kama mgeni wa mbali, maana huenda babu wa babu yake yumo kwenye picha, amekatwa kiwiko na ukingo wa fremu.

Ukitoka, usiite gari. Shuka kwa miguu hadi Biryogo, upande wa Nyamirambo. Msikiti wa Al-Fatah ulijengwa 1913, katika zama za hao wapagazi na askari waliobaki, pamoja na wafanyabiashara Waswahili, Waarabu na Wahindi waliofuata. Baadaye Wabelgiji waliwatengea Waislamu mtaa wao Biryogo, na watu wakauita kambi ya Waswahili. Leo barabara zake zimepakwa rangi, magari yamezuiwa, na meza za chai zimejaa katikati ya njia. Hapa Kiswahili chako hakihitaji mkalimani. Agiza chai ya maziwa na chapati, mwamkie mzee aliye jirani, muulize babu yake alitoka wapi. Usitoe simu kumrekodi kabla hujamaliza chai. Na ukumbuke, wakati wa uhuru mwaka 1962 mji huu ulikuwa na watu kama 6,000 tu. Sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya milioni 1.7. Wazee wa Biryogo ni miongoni mwa wachache ambao familia zao zilikuwepo mji ulipokuwa mtaa.

Hiyo ni siku moja. Usiongeze kitu. Kalale.

Siku nyingine nenda Kanombe, karibu na uwanja wa ndege, kwenye nyumba aliyoishi Rais Juvénal Habyarimana. Zamani iliitwa Makumbusho ya Ikulu. Tangu 2018 ni Makumbusho ya Sanaa ya Rwanda. Usiku wa tarehe 6 Aprili 1994 ndege aina ya Falcon 50 iliyokuwa ikimrudisha kutoka mkutanoni Dar es Salaam, pamoja na Rais Cyprien Ntaryamira wa Burundi, ilidunguliwa ikikaribia kutua, na vipande vyake vikaanguka kwenye eneo la nyumba yake mwenyewe. Mabaki bado yapo pale, nyuma ya ukuta. Kutoka usiku ule mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, yaliyokuwa yameandaliwa tangu kitambo, yakaanza kutekelezwa nchi nzima.

Ndani mwongozaji atakupandisha ngazi zilizowekewa mitambo ya kutambua hatua za mtu, akuonyeshe vyumba vya siri na kanisa dogo la familia. Nimewaona watu wakipiga picha kila swichi. Wanafungua macho mbele ya kabati la silaha, wanafumba mbele ya michoro. Yaani nyumba yote imejaa kazi za wachoraji na wachongaji wa Rwanda, mkusanyo uliokuwa Rwesero kule Nyanza ukaletwa hapa, nao wanaigeuza sanaa kuwa karatasi ya ukutani ya nyumba ya mtu aliyekwisha kufa. Nakuomba ufanye kinyume. Maliza ngazi na vyumba haraka, dakika ishirini zinatosha. Kisha rudi mwanzo ukatazame kazi moja moja, usome jina la aliyeifanya. Uamuzi wa kuijaza nyumba ile sanaa naupenda sana. Chumba ambacho raia hakuruhusiwa hata kukisogelea sasa kinamlazimu kila aingiaye kumtazama kijana wa Kirwanda na brashi yake.

Kama utaona imigongo, hapo au kwingine, simama muda mrefu kuliko inavyoonekana adabu. Watu husikia ni kinyesi cha ng'ombe, wanacheka, wanasogea. Wewe inama. Tazama kwa ubavu, taa ikiwa upande, uone matuta. Kila mstari umeinuliwa kwa vidole: kinyesi kibichi, hasa cha ndama, huchanganywa na majivu, kikabandikwa juu ya ubao na kuvutwa kwa kidole gumba na cha shahada hadi kisimame kama kamba nyembamba. Huachwa kikauke kwa siku kadhaa, kikasuguliwa hadi kiwe laini, ndipo rangi zipakwe. Nyeupe ni udongo wa kaolini. Nyekundu ni udongo wenye kutu. Nyeusi hupikwa kwa majivu ya maganda ya ndizi na utomvu wa shubiri. Mistari huvunjika, hugeuka, hurudi, na ukiitazama kwa dakika tatu ukuta unaanza kutikisika. Harufu hakuna. Nusa uthibitishe, lakini usiguse.

Sanaa hii ni ya Gisaka, ufalme wa zamani upande wa mashariki, na masimulizi humtaja mwana wa mfalme, Kakira ka Kimenyi, kuwa ndiye aliyeianzisha ndani ya nyumba yake. Sawa. Lakini imigongo ilikuwa kazi ya wanawake, mama akimfundisha binti kuremba kuta za ndani, na katika vizazi vyote hivyo historia ikahifadhi jina la mwanamume mmoja. Baada ya 1994 wanawake wa Kirehe, wajane wakiwemo, ndio waliounda ushirika na kuirudisha ikiwa imebaki kidogo ipotee. Mwongozaji akikutajia Kakira, mshukuru, kisha umuulize ni nani alikanda.

Gisozi iwe na siku yake peke yake. Sizungumzi hapa kwa mzaha hata kidogo. Katika Kumbukumbu ya Mauaji ya Kimbari ya Kigali, iliyofunguliwa mwaka 2004, wamezikwa watu zaidi ya 250,000. Usipange chakula cha mchana na marafiki baada yake. Usiende na mtu asiyeweza kunyamaza. Kuingia ni bure, lakini panapo sanduku la mchango usijifanye hukuliona. Uliza taratibu za picha pale mapokezi kabla hujatoa simu, na hata ukiruhusiwa, usisimame mbele ya makaburi ukajipiga picha ya uso wako. Kama ulikuwa na nia hiyo, ni heri ubaki hotelini.

Anza na historia ya kabla ya 1994, wengi huiruka. Bila kujua jinsi vitambulisho vya kikabila vya Wabelgiji vilivyowagawa watu, na mauaji ya 1959 na miaka iliyofuata, utatoka ukidhani maafa yalianguka kutoka mawinguni usiku mmoja. Kuna madirisha mawili ya vioo vya rangi, kazi ya Ardyn Halter, ambaye baba yake alinusurika mauaji ya Wayahudi Ulaya. Kaa kidogo mbele yake kabla ya kuendelea.

Chumba cha watoto kipo ghorofani. Picha kubwa ya mtoto, na chini yake jina, umri, chakula alichokipenda, rafiki yake, na jinsi alivyouawa. Hapo hakuna takwimu. Kuna mtoto aliyependa chipsi. Kama una mtoto wa umri huo nyumbani, utalia, na hakuna atakayekushangaa. Wafanyakazi wa pale wanajua namna ya kumwacha mtu alie na namna ya kumletea maji.

Nje upo Ukuta wa Majina. Utaona haujajaa. Wengi waliozikwa pale hawajapatikana majina, kwa sababu familia nzima nzima ziliuawa na hakubaki wa kuwataja. Kazi ya kuyatafuta inaendelea. Mwaka 2023 UNESCO iliiandikisha Gisozi katika Urithi wa Dunia pamoja na Nyamata, Murambi na Bisesero. Nyamata iko jirani na Kigali, na utashawishika kuziunganisha siku hiyo hiyo. Usifanye hivyo. Moyo una kipimo chake.

Sehemu mbili zaidi za mjini nitazipita haraka, kwa kuwa zinajieleza. Ndani ya jengo la bunge, Kimihurura, kuna Makumbusho ya Harakati za Kukomesha Mauaji ya Kimbari, yaliyofunguliwa Desemba 2017. Humo ndimo walimowekwa wanajeshi 600 wa RPF, kundi lililokuwa likipigana na serikali, tangu tarehe 28 Desemba 1993, chini ya mapatano ya amani ya Arusha, na humo ndimo walimotokea kupigana Aprili iliyofuata. Ukuta wa nje bado una majeraha ya makombora. Ni bunge, kwa hiyo utapekuliwa: kitambulisho mkononi, utani na askari uuache getini. Na pale Camp Kigali zimesimama nguzo kumi za mawe kwa wanajeshi kumi wa Ubelgiji wa kikosi cha Umoja wa Mataifa waliouawa tarehe 7 Aprili 1994. Kila nguzo ina mikato inayolingana na umri wa marehemu. Hesabu mikato ya nguzo moja. Itakuchukua muda mfupi mno, maana walikuwa vijana.

Sasa toka mjini. Basi za kusini zinaondokea Nyabugogo, na Nyanza ni chini ya kilomita 100. Wapo wanaokwenda Nyanza na Huye na kurudi Kigali kwa siku moja, wakitazama makumbusho huku dereva akipiga honi nje. Lala Huye, ndugu yangu. Ni mji wa chuo kikuu, vyakula ni rahisi, na hautakukosesha kitanda.

Pale Rukari, Nyanza, limejengwa upya boma la mwami, yaani mfalme, kwa nyasi na mianzi, na jirani yake ipo nyumba ya kisasa aliyojengewa Mutara III Rudahigwa miaka ya 1930, baada ya Wabelgiji kumwondoa baba yake, Yuhi V Musinga, mwaka 1931. Wageni huinama kuingia nyumba kubwa ya mwami, wanashangaa kitanda chake, wanatoka. Wewe nenda nyuma, kwenye kibanda cha maziwa. Kilisimamiwa na msichana asiyeolewa, ambaye ndiye aliyeruhusiwa kushika vyombo vile. Utaviona vimepangwa: icyansi, chombo cha mbao chembamba shingoni, na kifuniko cha ukili kilichochongoka, na igisabo, kibuyu kikubwa cha kusukia siagi. Mbao zimekolea mafuta ya miaka hadi zinang'aa. Kibanda cha pombe kipo jirani, na chenyewe kilikuwa cha kijana wa kiume. Ufalme mzima ulitegemea watu hawa wawili waamke mapema, na majina yao hatuna.

Kisha kuna ng'ombe wa inyambo. Pembe ndefu kupita mikono yako miwili ukiinyoosha, shanga kwenye paji la uso, na mchungaji anayewaimbia kwa sauti ya chini huku akiwapitisha mbele yenu. Cha kufurahisha, hapa ng'ombe wana majina, tena yenye sifa ndefu. Muulize mchungaji jina la yule aliye mbele, na usiogope pembe. Yeye amekwisha kumwambia ng'ombe kwamba wewe ni mgeni. Kabla hujaondoka Nyanza, panda Mwima. Wamezikwa pale Rudahigwa, aliyefariki ghafla Bujumbura mwezi Julai 1959 kabla ya kuhamia kasri alilokuwa akijengewa Rwesero. Mkewe Malkia Rosalie Gicanda, aliyeuawa tarehe 20 Aprili 1994 akiwa bibi mzee. Na mrithi wake Kigeli V Ndahindurwa, aliyefia Marekani 2016 akarudishwa kuzikwa Januari 2017.

Huye kuna makumbusho makubwa ya mila na maisha ya Wanyarwanda, zawadi ya Ubelgiji, yaliyofunguliwa 1989. Kumbi saba. Mtu wa haraka huzimaliza kwa dakika arobaini na kujisifu. Ushauri wangu ni uchague kitu kimoja mlangoni, uwe nacho hadi mwisho. Chagua kikapu, kwa mfano. Utakikuta jikoni kikiwa na nafaka, utakikuta harusini kikiwa kimerembwa na kifuniko kilichochongoka, utakikuta kwenye ujenzi, maana nyumba nzima ya msonge, iliyosimamishwa humo ndani kwa kimo chake halisi, ni usukaji tu. Ukitoka utajua jambo moja vizuri, na hilo utaweza kumsimulia mtu nyumbani bila kufungua simu.

Huye ndipo pa kuuliza swali gumu: nini hakipo humu? Mwaka 2023 watafiti wa Berlin walitoa matokeo juu ya mafuvu 1,135 ya watu yaliyochukuliwa Afrika Mashariki wakati wa Wajerumani na kuhifadhiwa katika makusanyo ya huko. Mafuvu 904 walibaini ni ya kutoka Rwanda ya leo, 202 Tanzania, 22 Kenya. Mengi ya Rwanda yalichukuliwa na msafara wa Adolf Friedrich wa Mecklenburg wa 1907 na 1908, miaka ile ile Kandt alipokuwa akiweka mawe ya kituo chake. Mengi yalitolewa makaburini, yakapewa namba, yakafungwa kwenye maboksi. Watafiti wa Rwanda walishiriki kazi ya kuyatambua, na Ujerumani imesema iko tayari kuyarudisha. Msomaji wa Tanzania na wa Kenya, hili ni lako pia. Ukiwa kwenye ukumbi wowote wa zama za Wajerumani, Kigali au Dar es Salaam, muulize mwongozaji yamefika wapi. Akiulizwa na wageni wengi, atakwenda kuwauliza wakubwa wake.

Ukirudi Kigali, wamebaki wachoraji wenyewe. Studio ya Ivuka ilifunguliwa 2007 na Collin Sekajugo, na vijana wengi waliotoka pale wakafungua nyumba zao. Inema ya Kacyiru ilianzishwa 2012 na ndugu wawili, Emmanuel Nkuranga na Innocent Nkurunziza. Wapo Niyo na wengine. Kuingia hulipi kitu, na ndiyo maana watu huingia na mikono nyuma, wanazunguka, wanauliza choo kiko wapi, wanaondoka. Au anakuja mwenye pesa, anauliza kama kuna ya kuendana na makochi ya kahawia. Usiwe yeye. Mchoraji mara nyingi yupo humo humo, na rangi kwenye suruali. Msalimie, uliza anafanya nini wiki hii, kaa kwenye kigoda, mtazame akifanya kazi.

Ukipenda kitu na mfuko ukakuruhusu, nunua. Bei izungumzeni, lakini usimkate nusu. Hilo ni soko la mitumba, siyo hapa. Kisha geuza mchoro, mpe kalamu isiyofutika, mwombe aandike nyuma kwa mkono wake jina lake kamili, mwaka, na mahali alipochorea. Wengine huandika herufi mbili za mwanzo tu kwa mazoea. Mrudishie kalamu. Jina lote, kaka, hadi la ukoo.